Nyaya za stima nyumbani: Mwenye nyumba aweza kujifanyia nini, na sheria yataka nini?

MWANANCHI anayejenga nyumba yake humu nchini aghalabu huwa msimamizi, mnunuzi wa vifaa na kibarua kwa wakati mmoja. Hununua saruji mfuko kwa mfuko, huajiri mwashi wa mtaani, na wikendi huonekana akibeba mawe au kumwagilia maji ukuta uliojengwa majuzi. Kazi hiyo ya mkono wake humpunguzia gharama, na ukuta ukipinda, kosa huonekana kwa macho na laweza kurekebishwa.

Ifikapo zamu ya kutandaza nyaya za stima, mambo hubadilika. Kosa la umeme hufichwa na plasta. Laweza kukaa ukutani miaka mingi bila kujulikana, hadi siku ambayo mtoto atashika mfereji wa bafu akiwa na miguu majimaji, au moshi utakapoanza kutoka darini usiku wa manane.

Ni katika hatua hii ambapo desturi moja mbaya imezoeleka katika baadhi ya maeneo. Nyaya huwekwa na mwenye nyumba mwenyewe au na kijana asiye na leseni. Kisha hutafutwa mtu mwenye leseni ambaye hakuwahi kufika kwenye ploti, naye hulipwa ili atie sahihi kwenye cheti. Karatasi hupelekwa kwa kampuni ya stima, mita huletwa, taa huwaka, na kila mtu huamini kwamba kazi imekamilika. Kumbe cheti kilichonunuliwa kimeleta mita tu, hakikupima chochote.

Sheria inasema nini

Masuala ya umeme humu nchini husimamiwa na Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo ilirithi majukumu ya tume iliyotangulia, ERC. Miongoni mwa kazi za EPRA ni kutoa leseni kwa mafundi na kwa wanakandarasi wa umeme.

Leseni hizo zimegawanywa katika madaraja: C2, C1, B, A2 na A1. Daraja la C2 ndilo la chini, na mwenye leseni hiyo hushughulikia stima ya fezi moja katika majengo madogo, yaani nyumba za kawaida za familia. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo fundi anavyoruhusiwa kushughulikia stima ya fezi tatu, majengo makubwa na hatimaye umeme wa nguvu za juu. Fundi wa C2 aliyezoea nyumba za familia hana idhini ya kuweka nyaya katika jumba la ghorofa nyingi, hata akiwa hodari namna gani.

Jengo lenyewe, kwa upande wake, husimamiwa na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 baada ya taifa kutegemea kanuni za mwaka wa 1968 kwa zaidi ya nusu karne. Ramani huidhinishwa na serikali ya kaunti, nayo miradi na wanakandarasi, wakiwemo wa umeme, husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

Kuhusu namna ya kuweka nyaya, Kenya imefuata desturi ya Uingereza tangu enzi za ukoloni. Ndiyo maana plagi zetu zina meno matatu ya mstatili na stima ya nyumbani ni ya volti 240. Kanuni ambazo mafundi husomea ni zile za Uingereza, BS 7671, ambazo wengi bado huziita IEE. Toleo la kwanza la kanuni hizo lilitolewa mwaka wa 1882, na shabaha yake ilikuwa kuzuia moto uliosababishwa na taa za umeme zilipokuwa ndio kwanza zinaingia majumbani.

Hapa panahitaji tahadhari. Msomaji anayepata maelezo ya Kiingereza kuhusu kazi hii huenda akakuta kwamba nchini Uingereza mwenye nyumba anaweza kujiwekea nyaya. Ni kweli. Chini ya sehemu ya kanuni za ujenzi iitwayo Part P, iliyoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka wa 2005, mwenye nyumba aweza kufanya kazi hiyo mradi aarifu idara ya ujenzi kabla ya kuanza, kwa kazi zile zinazohitaji taarifa, na kazi ikaguliwe. Utaratibu huo hauko Kenya. Humu nchini, kazi ya kuweka nyaya zitakazounganishwa na stima ni ya mtu aliyepewa leseni, hata kama nyumba ni yako na pesa ni zako.

Mkono wa mwenye nyumba waishia wapi

Hii haimaanishi kwamba mwenye nyumba akae kando na kutazama. Kuna kazi nyingi anazoweza kufanya kwa mkono wake, ambazo hupunguza gharama bila kuvunja sheria.

Anaweza kuamua mahali pa kila taa, swichi na soketi, na kuzichora kwenye ramani kabla ya ukuta kupandishwa. Anaweza kuchimba mitaro ukutani na kulaza mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, akielekezwa na fundi mwenye leseni. Anaweza kuchimba shimo la kijiti cha ardhini, na anaweza kununua vifaa mwenyewe ili ahakikishe ubora wake. Baada ya nyumba kuanza kutumika, kubadilisha balbu au fyuzi ya plagi ni kazi ya kila mtu. Fyuzi ya ampea 3 hutosha vifaa visivyozidi takriban wati 700, nayo ya ampea 13 ni ya vifaa vikubwa kama birika na pasi.

Kuna jambo jingine dogo lenye faida kubwa. Kabla ya plasta kupakwa, mwenye nyumba achukue simu yake na kupiga picha za kila ukuta, akiweka futi ya kupimia ili umbali uonekane. Miaka kumi baadaye, atakapotaka kutoboa ukuta ili kutundika kabati, atajua waya umepita wapi.

Mabomba hayo yapandishwe wima au yalazwe sawasawa kutoka kwenye swichi au soketi. Yasikate ukuta kwa mshazari. Mtu yeyote anayeona soketi hukisia kwamba waya wake uko juu, chini au kandoni mwake. Waya uliopita mshazari ili kuokoa mita mbili za kebo huwa mtego kwa yule atakayepiga msumari.

Kazi zilizosalia, yaani kuchagua unene wa kebo, kuunga nyaya, kupanga sanduku la breka, kuunganisha ardhi na kupima, si za mwenye nyumba.

Hesabu ya mzigo

Hata hivyo, ni vyema mwenye nyumba aelewe hesabu inayotumika ili asidanganywe. Wati zikigawanywa kwa volti hutoa ampea. Shawa ya kupasha maji papo hapo, ambayo imeenea katika nyumba nyingi za mijini, aghalabu hutumia takriban wati 5,500. Ukigawanya kwa volti 240 utapata karibu ampea 23. Mzigo huo hauwezi kubebwa na waya wa taa. Unahitaji laini yake pekee kutoka kwenye sanduku la breka, ikiwa na kebo nene na swichi yake yenye ncha mbili.

Kwa kawaida mafundi hutumia kebo ya milimita mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 4 au 6 kwa shawa na jiko la umeme. Vipimo hivyo si amri isiyobadilika. Kebo iliyofungiwa pamoja na nyingine katika bomba moja, au iliyopita kwenye dari lenye joto chini ya mabati, hushindwa kutoa joto lake na hubeba umeme kidogo kuliko ile iliyo peke yake mahali baridi.

Umbali nao una athari. Waya unaokwenda hadi nyumba ya pili bomani au taa ya langoni hupoteza volti njiani. Kanuni za BS 7671 hutaka upotevu huo usipite asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine, yaani volti 7.2 na volti 12 kwa stima ya volti 240. Taa inayofifia kila pampu ya maji inapowashwa ni dalili kwamba huenda hesabu hiyo haikufanywa.

Joto la waya huongezeka haraka kuliko watu wanavyodhani. Umeme unaopita ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Hivyo basi, breka inapoanguka mara kwa mara, kuiondoa na kuweka kubwa zaidi bila kubadilisha kebo ni sawa na kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anapiga kelele. Breka ilikuwa ikisema kwamba waya umezidiwa.

Breka hulinda waya, si mtu

Kuna dhana potovu kwamba nyumba yenye breka za kisasa ni salama kwa watu. Breka kazi yake ni kulinda waya usipate joto kupita kiasi. Mtu hulindwa na kifaa kingine.

Chukua balbu ya zamani ya wati 60. Kwa volti 240 hutumia robo ampea tu, yaani milliampea 250. Kiwango hicho kikipita kifuani mwa binadamu kinatosha kumuua. Lakini kwa breka ya ampea 20, robo ampea si kitu. Breka itabaki imesimama huku mtu ameanguka.

Kifaa kinachomlinda mtu ni swichi ya kugundua umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya hai na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Ikiwa kuna tofauti, basi umeme fulani umepata njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu. Ile ya kulinda watu hukata stima tofauti inapofika milliampea 30, nayo hutakiwa kufanya hivyo kwa muda usiozidi sekunde 0.3.

Swichi hiyo ina kitufe cha kujaribia. Mwenye nyumba akibonyeze angalau mara moja kila miezi sita, na stima isipokatika amwite fundi. Lakini ajue pia kwamba kitufe hicho huthibitisha tu kwamba swichi yenyewe inafanya kazi. Hakimwambii lolote kuhusu hali ya waya wa ardhini.

Ardhi inayoaminika

Waya wa ardhini, ule wenye rangi ya kijani na manjano, ndio unaopuuzwa zaidi kwa sababu nyumba huwaka taa hata pasipo waya huo. Friji itagandisha, televisheni itaonyesha picha, na hakuna atakayejua kwamba waya huo haujaunganishwa popote. Kazi yake huonekana siku ambayo waya hai unagusa mwili wa chuma wa friji au wa jiko.

Katika nyumba nyingi, ardhi hupatikana kwa kugongelea kijiti cha shaba, au cha chuma kilichopakwa shaba, ndani ya udongo. Tatizo ni kwamba udongo haulingani. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vyema, ilhali changarawe, mwamba na mchanga mkavu hupitisha kwa shida. Udongo mweusi wa pamba, unaopatikana katika sehemu nyingi za nchi, hushika unyevu wakati wa mvua, kisha kiangazi kikija hunywea, hupasuka na kukiachia kijiti.

Tuseme kijiti kimepimwa na kukutwa na ukinzani wa omu 100. Waya hai ukigusa mwili wa shawa, umeme utakaopita ardhini ni volti 240 zikigawanywa kwa omu 100, yaani ampea 2.4. Breka ya ampea 32 haitatambua. Mwili wa shawa utabaki na umeme, ukimsubiri anayeoga. Hii ndiyo sababu nyumba inayotegemea kijiti lazima iwe na RCD pia, na ndiyo sababu kijiti chapaswa kupimwa kwa kifaa badala ya kukadiriwa kwa macho. Ukinzani ukizidi, fundi huongeza kijiti cha pili au huzamisha kirefu zaidi.

Kosa jingine la hatari ni swichi kuwekwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya hai. Taa itazimika vilevile, ila kishikio cha balbu kitabaki na umeme. Mtu anayebadilisha balbu akiamini amezima stima hupigwa na umeme. Rangi za nyaya huweza kuchanganya mambo katika nyumba zilizoongezwa vyumba: katika mfumo wa zamani waya hai ni mwekundu na nyutro ni mweusi, ilhali katika mfumo mpya waya hai ni wa kahawia na nyutro ni wa samawati. Nyumba moja ikiwa na mifumo yote miwili, ilani iandikwe kwenye sanduku la breka.

Bafu, mabati na chumvi ya bahari

Bafu ndicho chumba chenye hatari kuu, kwa kuwa ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Soketi ya kawaida haina nafasi karibu na shawa, na swichi ya shawa yafaa kuwekwa nje ya mlango au iwe ya kuvutwa kwa kamba. Mabomba ya chuma yanayoingia bafuni yaunganishwe na waya wa ardhini.

Nyumba za mabati zina hatari yao. Waya uliopitishwa kwenye tundu la bati bila bomba au mpira wa kukinga husuguliwa na makali ya bati kila upepo unapovuma, hadi ganda linapasuka na ukuta mzima unapata umeme. Katika mitaa ya mabanda, ambako stima ya wizi iitwayo sambaza hupitishwa kwa nyaya nyembamba juu ya paa, hatari hiyo ni ya kila siku, na jirani asiyehusika huumia sawa na yule aliyejiunganishia.

Kwa nyumba ndogo za chumba kimoja au viwili kuna njia halali iliyo rahisi. Katika mradi wa serikali wa kusambaza stima vijijini na mitaani, ulioanza mwaka wa 2015, nyumba zisizo na nyaya za ndani ziliwekewa bodi ndogo iliyounganishwa tayari, yenye breka, soketi na kishikio cha balbu. Bodi kama hiyo humpa mwananchi mwanga bila kumlazimu kutoboa ukuta wa udongo.

Pwani, hewa ya chumvi hula skrubu na viungio vya shaba, hivyo vifaa vya nje viwe vya kuzuia maji na vikaguliwe mara nyingi zaidi. Nyumba ya makuti haifai kuwa na kiungio cha waya kilichoachwa wazi darini, kwani cheche moja yatosha. Nao wakazi wa Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga sana, wanashauriwa kumwuliza fundi kuhusu kifaa cha kuzuia mawimbi ya ghafla ya umeme.

Vifaa ghushi

Fundi mzuri hawezi kuokoa kebo mbovu. Sokoni huuzwa kebo iliyoandikwa milimita 2.5 ilhali shaba yake ni nyembamba kuliko hiyo. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba juu. Mnunuzi aombe kipande kifupi, amenye ganda, kisha akwaruze waya kwa kisu. Ukitokeza weupe wa fedha, hiyo si shaba tupu. Pia alinganishe uzito wa roli hilo na lingine la kampuni inayoaminika, maana shaba ni nzito.

Aidha, mnunuzi atafute alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Chini ya alama hiyo kuna nambari ya kibali, na ukiandika herufi SM, alama ya # na nambari hiyo, kisha ukautuma ujumbe kwa 20023, utajibiwa ni kampuni gani na bidhaa gani iliyopewa kibali. Jibu lisipolingana na kilichoandikwa kwenye pakiti, bidhaa irudishwe. Mnunuzi asikose kudai risiti, kwani bila risiti hana pa kulalamikia.

Vipimo ndiyo roho ya cheti

Nyaya zikishatandazwa, na kabla ya stima kuunganishwa, mwenye leseni hutakiwa kupima. Kwanza huhakikisha kwamba kila waya, hasa wa ardhini, umeunganika kutoka mwanzo hadi mwisho. Pili, hupima ukinzani wa maganda ya nyaya kwa volti 500, na chini ya BS 7671 matokeo yasipungue megaomu 1. Tatu, huhakikisha kwamba kila swichi iko kwenye waya hai. Nne, hupima kijiti cha ardhini. Stima ikishawashwa, hupima njia ya umeme unaorudi na muda ambao RCD huchukua kukata.

Kipimo cha pili hufaa kumfumbua macho mwenye nyumba. Hufanywa kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega. Multimita ndogo inayouzwa dukani hutumia betri ya volti chache, na haiwezi kufichua ganda lililochubuliwa na msumari ambalo litashindwa chini ya volti 240. Fundi aliyekuja na bisibisi ya kupimia na multimita pekee hajaja kupima nyumba.

Baada ya vipimo hivyo ndipo cheti hujazwa na kutiwa sahihi. Nakala yake huambatishwa na nakala ya kitambulisho na nambari ya PIN ya ushuru katika ombi la kuunganishiwa stima na Kenya Power. Kampuni hiyo huwajibikia laini hadi kwenye mita. Nyaya zote baada ya mita ni mzigo wa mwenye nyumba, na nyumba ikiungua, cheti hicho ndicho kitakachoonyesha iwapo kazi ilifanywa na mtu halali.

Kwa hivyo mwenye nyumba afanye mambo manne kabla ya kulipa. Kwanza, aombe nambari ya leseni ya fundi na ya mwanakandarasi, kisha aitafute katika orodha ambayo EPRA huichapisha kwenye tovuti yake, akiangalia daraja na kama leseni haijapitwa na wakati. Pili, ahakikishe kwamba mtu aliye na jina hilo ndiye aliyesimama mbele yake, si binamu au mwanagenzi wake. Tatu, awepo wakati wa kupima na aone nambari zikiandikwa. Nne, abaki na nakala ya cheti pamoja na karatasi ya matokeo ya vipimo, aiweke pamoja na hatimiliki ya ploti.

Fundi asiye na leseni ambaye ni hodari hana budi kuhimizwa aiombe, badala ya kubaki akifanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Naye mwenye leseni anayeuza sahihi yake ajue kwamba jina lake ndilo lililo kwenye karatasi siku uchunguzi utakapofanywa.

Jenereta, sola na nyumba za kupangisha

Kukatika kwa stima mara kwa mara kumewafanya wengi kununua jenereta. Wapo wanaoiunganisha kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Hatari yake ni kubwa: umeme wa jenereta waweza kurudi hadi kwenye laini ya nje na kumuua mfanyakazi anayeirekebisha akidhani haina umeme. Jenereta huunganishwa kupitia swichi ya kubadilishia ambayo hairuhusu stima mbili kukutana.

Mitambo ya sola nayo ina kanuni zake tangu mwaka wa 2012, na wanaoiweka hutakiwa kuwa na leseni tofauti ya EPRA ya madaraja ya T1, T2 na T3. Leseni ya kuweka nyaya za kawaida haitoshi kwa kazi hiyo.

Mwenye nyumba za kupangisha ana jukumu zito zaidi, kwani mpangaji hana namna ya kujua kilicho nyuma ya plasta. Mwongozo wa Uingereza hupendekeza nyaya za nyumba ya kupangisha zikaguliwe kila baada ya miaka 5, na za nyumba ya kuishi mwenyewe kila baada ya miaka 10. Anayehamia nyumba kuukuu isiyo na cheti afaa kudai ukaguzi kabla ya kulipa amana.

Zipo dalili ambazo hata asiyesomea umeme aweza kuzitambua: soketi iliyogeuka rangi kuwa ya kahawia, harufu ya plastiki inayoungua, mtetemo mdogo mkononi mtu anapogusa friji au mfereji, na breka inayoanguka kila shawa inapowashwa. Kwa dalili yoyote kati ya hizo, stima izimwe kwenye swichi kuu na fundi mwenye leseni aitwe. Waya wa nje ukianguka chini, mtu asiukaribie wala kuusogeza kwa kijiti. Awaepushe watoto na kupiga simu kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.

Vipimo vya nyumba ya vyumba vitatu haviwezi kuchukua siku nzima. Anayetaka kuokoa pesa aokoe kwa kuchimba mitaro yake mwenyewe, na saa hizo chache za kupima amwachie mwenye leseni na mega yake, huku yeye akisimama kando na kusoma nambari.